Hassan Fathy: Aliyeikaribisha Nuru na Kuliacha Jua Nje

Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na mtu aingiapo ndani, kinachomlaki kwanza si kiti wala mkeka, bali ni nuru. Kuna nyumba ambayo ukishavuka kizingiti tu macho hutulia, ukaziona nyuso za watu, vyombo na mapambo bila kukunja kipaji. Na kuna nyumba nyingine ambayo saa sita za mchana taa ya umeme inawaka na pazia nzito zimeshushwa, kwa kuwa mwenyewe akilivuta pazia, jua humwingilia kama mgeni asiyebisha hodi. Humchoma mtoto kitandani, huipausha rangi ya zulia, na walio ndani hubaki wazi mbele ya macho ya wapita njia. Mtu huyo ana jua tele lakini hana nuru.

Hicho ndicho kitendawili cha kila anayejenga katika nchi ya joto. Nuru anaitaka, joto halitaki, na stara ya watu wake hawezi kuitupa. Atafanyaje avipate viwili asikose cha tatu?

Katika karne iliyopita alitokea Misri bwana mmoja aliyekitwaa kitendawili hiki akakifanya kazi ya umri wake. Jina lake ni Hassan Fathy, msanifu majengo. Duniani alipata sifa kubwa, lakini kwao alikataliwa zaidi ya mara moja, na kijiji alichokijenga kwa mapenzi kilikataliwa na wale wale aliowajengea. Maisha yake yafaa kusimuliwa huku kwetu Pwani, maana mengi aliyoyahangaikia yamo katika kuta za nyumba za mababu zetu.

MTOTO WA MJINI

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria tarehe 23 Machi, 1900. Babake alikuwa Mmisri mwenye mashamba, na mamake alikuwa na asili ya Kituruki. Ilikuwa nyumba ya watu wenye nafasi, na baadaye jamaa ilihamia Cairo.

Katika nyumba hiyo shamba lilitajwa kwa ndimi mbili. Baba alilichukia. Kwake yeye shamba lilikuwa mahali pa nzi, mbu na maji machafu, na watoto wake hakuwaruhusu kulikaribia. Mama naye, aliyekulia huko, alilitamani maisha yake yote. Aliwasimulia watoto habari za wana-kondoo waliomfuata kila aendako, na njiwa na kuku aliowafuga. Kijana Hassan akakua huku moyoni mwake pana pepo asiyoijua, na masikioni mwake pana onyo la babake.

Alipomaliza masomo ya mwanzo alitaka kusomea kilimo, lakini akashindwa katika mtihani wa kuingilia. Hivyo akaelekea uhandisi, na mwaka 1926 akahitimu Cairo katika usanifu wa majengo. Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka Talkha, mji mdogo katika delta ya Nile, kusimamia ujenzi wa shule. Huko aliuona uchafu na ufukara uliomtia huzuni. Alipokwenda kuyaona mashamba ya jamaa yake mwenyewe, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 25, huzuni ile ilizidi. Wakulima waliowatajirisha mabwana zao walikuwa wakiishi katika vibanda vya giza, vifupi, visivyo na hewa wala nuru. Pepo ya mamake hakuiona, na alilolisema babake aliliona kwa macho yake.

Watu wengi wa tabaka lake wangefumba macho wakarudi mjini. Yeye aliona haya. Na haya ile ndiyo iliyomwongoza mpaka kufa.

WAASHI WA ASWAN

Kuanzia mwaka 1930 Fathy alikuwa mwalimu katika chuo cha sanaa mjini Cairo. Mwanzoni alichora majumba kwa mtindo wa Ulaya kama walivyofanya wenziwe wote, maana huo ndio ulioitwa ustaarabu. Lakini polepole alianza kujiuliza swali dogo. Mkulima wa Misri ana udongo chini ya miguu yake, na kwa udongo huo babu zake wamejenga tangu zama za Firauni. Kwa nini aambiwe kuwa nyumba haiwi nyumba mpaka inunuliwe saruji na chuma, vitu asivyoweza kuvilipia?

Mnamo 1937 alionyesha michoro ya nyumba za mashambani zilizobuniwa zijengwe kwa matofali ya udongo. Watu waliipenda, lakini mchoro haulali mtu. Ilipofika mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, alipata kazi ya kujenga nyumba za shamba huko Bahtim, karibu na Cairo. Kuta za udongo zikasimama vizuri, lakini zilipofika darini kazi ikakwama. Mbao hazipatikani, chuma hakipatikani, vyote vimemezwa na vita. Akajaribu kufunika kwa matao ya matofali, matao yakaanguka.

Ndipo nduguye, aliyekuwa akifanya kazi katika bwawa la Aswan, akamwarifu kwamba Wanubi wa huko hufunika nyumba zao kwa matofali matupu ya udongo bila kutumia hata kipande cha mbao. Fathy akafunga safari. Magharibi ya Aswan alikuta alichokuwa akikitafuta, kijiji kizima chenye nyumba ndefu, safi, zilizopakwa rangi vizuri, na kila moja imefunikwa kwa tao la udongo. Si kazi ya wasomi hiyo, bali ya waashi waliofundishwa na baba zao.

Namna yao ni hii. Ukuta wa nyuma wa chumba hujengwa mrefu kuliko kuta za ubavuni. Fundi huchora umbo la tao juu ya ukuta huo kwa tope, kwa mkono mtupu. Kisha huliegemeza tofali la kwanza, na la pili juu yake, safu baada ya safu, kila safu ikiinama kidogo juu ya ile iliyotangulia, hata chumba kizima kikafunikwa. Matofali yenyewe hutiwa makapi mengi yawe mepesi, na fundi hupitisha vidole viwili juu ya uso wake kuacha mifereji, ili tope lipate pa kung'ang'ania. Jamii ya matao hayo hayo imesimama Luxor, katika maghala ya hekalu la Ramesseum, kwa zaidi ya miaka 3,000.

Fathy akawachukua waashi wa Aswan wakaenda naye kaskazini. Tangu siku hiyo hakuona aibu kusema kwamba yeye mwenye shahada amefundishwa na watu wasiojua kusoma.

KAZI TATU ZA DIRISHA

Baada ya kupata paa, alibaki na suala la nuru. Hapa ndipo Fathy alipokwenda kusoma katika majumba makongwe ya Cairo, kama vile nyumba ya al-Suhaymi iliyoanza kujengwa mwaka 1648, na ukumbi wa Muhib al-Din wa karne ya 14. Aliyatazama kama vile mganga amtazamavyo mtu mwenye afya, ili ajue afya hiyo yatoka wapi.

Alivyoona yeye, dirisha la siku hizi limetwikwa kazi tatu kwa pamoja, yaani kuleta nuru, kuleta upepo na kumpa mtu nafasi ya kutazama nje. Katika nchi za baridi kazi hizo tatu hazigombani sana. Katika nchi ya jua kali zinagombana. Ukilikuza dirisha upate upepo, jua na vumbi huingia pamoja nao. Ukilifunga uepuke jua, umekosa upepo na umekaa gizani. Ukiweka kioo kikubwa, nyumba hugeuka tanuri na wa nje wakakuona. Mababu hawakumtwika mtumwa mmoja mizigo mitatu. Kila kazi waliipa njia yake.

Upepo waliupa malkafu, yaani bomba pana la kujengwa juu ya paa, mdomo wake umeelekea upande pepo zitokako. Hewa safi hunaswa huko juu mbali na vumbi la njia, ikateremka hadi ukumbini. Katikati ya ukumbi, dari hunyanyuliwa juu sana na kuwekwa kinara cha mbao chenye vidirisha ubavuni. Hewa ya joto hupanda ikatokea huko, na nuru hushuka kutoka huko huko, nuru ya juu isiyomchoma mtu kwa kuwa imekwisha kupoa njiani.

Kutazama nje na kupata nuru ya kando walikupa mashrabia, yaani dirisha la kutokeza lililofumwa kwa vijiti vya mbao vilivyokerezwa. Jina lake latokana na kunywa, maana hapo ndipo ilipowekwa mitungi ya maji ipate kupoa kwa upepo. Fathy alihesabu kazi tano za mashrabia. Hupunguza ukali wa nuru, huongoza upepo, huteremsha joto, huzidisha unyevu katika hewa kavu, na huhifadhi stara ya watu wa nyumbani. Mbao hunywa unyevu wa usiku, na mchana jua likizipiga huutoa tena.

Zaidi ya hayo alitambua jambo ambalo wengi walipita karibu nalo wasilione. Sehemu ya chini ya mashrabia, iliyo usawa wa macho, imefumwa kwa karibu sana, na sehemu ya juu imeachwa na nafasi pana. Si pambo hilo. Chini, mwako wa njia na wa kuta za jirani hukatwa usiyaumize macho, na aliye ndani huona nje asionekane. Juu, nuru ya mbingu huachwa ipite ikaangaza dari, na dari ikaigawa chumbani mote. Hata uviringo wa vijiti una maana yake. Ubao wenye ncha kali husimama kati ya jua na kivuli kama kisu, jicho likachoka. Kijiti cha mviringo huibadili nuru kidogo kidogo, kutoka weupe hadi kivuli, jicho likapumzika.

Mwisho kabisa ni ua wa ndani. Usiku hewa baridi hutua humo kama maji katika bakuli, na mchana huchelewa kuondoka. Jua hupiga ukuta wa ua, na ukuta huirudisha nuru vyumbani ikiwa imekwisha kupunguziwa ukali. Hivyo chumba hupata mwanga wa siku nzima bila kuonana na jua uso kwa uso.

Msomaji aliyepata kuingia katika nyumba kongwe za Lamu ataanza kutikisa kichwa. Kwani sivyo zilivyo? Mtu hupita daka, akaingia tekani, akapinda asione ndani moja kwa moja, kisha akatokea kiwandani ambako mbingu iko wazi. Kutoka hapo vyumba hufuatana kwa safu, na kadiri uingiavyo ndivyo nuru inavyopungua na stara inavyozidi, hadi ndani kabisa. Huko ndiko kuliko na zidaka na kuta zilizosiriwa kwa chokaa nyeupe, zikiudaka mwanga kidogo uliofika na kuurudisha. Waashi wa Lamu na wa Cairo hawakujenga kwa kifaa kimoja wala kwa hali moja ya hewa, kwani huko ni kukavu na huku kuna unyevu. Lakini swali lao lilikuwa moja, na waliomwamini Mola mmoja walilijibu kwa adabu iliyofanana.

KIJIJI KILICHOKATALIWA

Mwaka 1945 idara ya mambo ya kale ya Misri ilimpa Fathy kazi kubwa kuliko zote. Katika ng'ambo ya magharibi ya Luxor, juu ya makaburi ya watu wakubwa wa kale, palikuwa na watu wa Gourna wapatao 7,000. Nyumba zao zilikuwa juu ya makaburi, na wengine wao riziki yao ilitoka humo humo, kwa kuchimbua na kuuza vitu vya kale. Serikali iliamua kuwahamisha. Palinunuliwa shamba la ekari 50 karibu na mto, na Fathy akaambiwa awajengee kijiji.

Hakutaka kuwapangia watu masanduku yaliyofanana kama askari kwenye gwaride. Aliwagawa kwa koo zao, kila ukoo na uwanja wake. Alitaka kila nyumba iwe na ua, kila chumba kipate nuru ya ua huo, na juu ya kuta ziwekwe kimia cha matofali chenye matundu madogo, pawe mwanga na hewa bila kuiondoa stara. Alijenga msikiti wenye kuba na mnara wenye ngazi ya nje kama ya misikiti ya Misri ya juu. Akajenga soko, shule, ukumbi wa michezo na khan ya mafundi, ili watu walioachishwa kazi ya makaburini wapate ufundi wa halali.

Lakini kazi haikuwa ya udongo na maji tu. Karatasi zilizunguka ofisini, fedha zikachelewa, makapi ya matofali yakakosekana. Baya zaidi, watu wa Gourna hawakutaka kuhama. Makaburi yalikuwa shamba lao, na hakuna aliyewauliza kwanza. Kuba nazo ziliwakumbusha wengine makaburi ya masharifu. Usiku mmoja tuta la kuzuia maji ya Nile lilikatwa, na maji yakaingia kijijini. Mwaka 1948 kazi ilisimama, kijiji kikiwa hakijafikia hata nusu. Nyumba zilizokwisha zilibaki tupu kwa miaka.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Wako waliomlaumu Fathy, na lawama yao haikukosa msingi. Aliwapenda maskini, lakini aliletwa kwao na serikali iliyotaka kuwaondoa. Alijua nyumba iliyo bora kwa mkulima, lakini mkulima mwenyewe alitaka nyumba kama ya tajiri wa mjini, yenye saruji na bapa la zege juu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyomwonyesha mtu kuwa amefaulu. Aidha, katika uzee wake nyumba nyingi alizopata kuzijenga zilikuwa za watu wenye mali. Jambo hilo lilimuuma, na yeye mwenyewe aliandika kwa uchungu habari za Gourna bila kuficha kwamba ameshindwa.

NCHI ZA MBALI

Akiwa amevunjika moyo, mwaka 1957 aliondoka Misri akaenda Athens, Ugiriki, kufanya kazi na ofisi ya msanifu Doxiadis. Huko alihusika na mipango ya makazi ya Iraq, na akasafiri katika nchi za Afrika. Alirejea Cairo mwanzoni mwa miaka ya sitini.

Mwaka 1964 palifanyika jaribio ambalo wabishi wake hawakuweza kulipuuza. Katika uwanja wa kituo cha utafiti wa ujenzi mjini Cairo vilijengwa vyumba vya kujaribia, kimoja cha matofali ya udongo chenye kuta nene na tao juu, na kingine cha mabapa ya zege. Vikapimwa joto usiku na mchana katika mwezi wa Machi. Chumba cha udongo kilikaa kati ya digrii 21 na 23 kwa saa zote 24. Chumba cha zege kilifika digrii 36, yaani digrii 13 zaidi ya chenzake, na digrii 9 zaidi ya hewa ya nje. Maana yake ni kwamba mtu wa ndani ya nyumba ya kisasa angepata nafuu zaidi akitoka akaketi uani.

Mwaka uliofuata alianza kujenga kijiji kingine, Baris, katika oasisi ya Kharga jangwani, ambako joto la kiangazi halina mfano. Alijenga soko lenye malkafu zilizopangwa safu, ili mboga na matunda ya wakulima yasioze kabla ya kusafirishwa. Upepo wa juu uliteremshwa hadi maghala ya chini, na baridi yake ilipatikana bila mashine hata moja. Lakini mwaka 1967 vita vikazuka, fedha zikaelekezwa kwingine, na Baris nayo ikaachwa kabla haijaisha. Hivyo vijiji vyake viwili vikubwa vyote havikukamilika.

SIFA ZA UZEENI

Lililokataliwa kwa matofali likapokelewa kwa karatasi. Mwaka 1969 alitoa kitabu juu ya Gourna mjini Cairo, na mwaka 1973 kikachapishwa Chicago, Marekani. Wanafunzi wa ujenzi wa nchi nyingi wakakisoma. Waliotoka katika vyuo vya kioo na chuma wakaanza kupanda ngazi za nyumba yake ya kale huko Darb al-Labbana, chini ya ngome ya Cairo, wamwone mzee huyo akiwa na vitabu vyake, fidla yake na paka wake.

Mwaka 1980 ulikuwa wa neema. Alipewa tuzo ya heshima ya Aga Khan ya usanifu wa majengo, tuzo iliyobuniwa kwa ajili ya ujenzi katika jamii za Kiislamu, na mwaka huo huo akapata tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Baadaye, mwaka 1984, chama cha wasanifu majengo wa dunia kikampa nishani ya dhahabu. Kati ya tuzo hizo alikwenda Abiquiu, katika jimbo la New Mexico, Marekani, akajenga msikiti kwa ajili ya jamii ya Waislamu wa huko. Aliwachukua waashi wa Kinubi kwenda naye. Waamerika wakasimama wakitazama wazee wa Aswan wakifunika paa kwa udongo bila boriti, kama baba zao walivyofanya.

Huko nyumbani nako mambo yalikuwa yamegeuka. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mto haukuleta tena udongo mpya mashambani. Serikali ikakataza kuchimba udongo wa kilimo kwa ajili ya matofali. Mtu aliyeutetea udongo maisha yake yote akajikuta udongo wenyewe umehadimika. Hakunung'unika sana. Nyumba za mwisho alizichora kwa mawe ya chokaa, na kuba, ua, malkafu na mashrabia zikabaki pale pale. Hapo ikadhihirika kwamba somo lake halikuwa udongo. Somo lake lilikuwa kwamba mtu ajenge kwa kilicho karibu naye, na kwa kulitazama jua la kwao.

Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 86, alitoa kitabu cha kueleza kisayansi jinsi ua, malkafu na mashrabia zinavyofanya kazi. Kilikuwa kama wasia. Hassan Fathy alifariki dunia Cairo tarehe 30 Novemba, 1989. Mwenyezi Mungu amrehemu.

YALIYOBAKI

Gourna mpya baadaye ilipata wakazi. Wengi waliziongeza nyumba orofa za saruji au walizibomoa, kwa kuwa jamaa zimekua na watoto wamehitaji mahali. Ile Gourna ya zamani juu ya makaburi ilianza kubomolewa na serikali mwishoni mwa mwaka 2006, watu wakapelekwa kwingine, miaka 60 baada ya Fathy kuitwa. Mwaka 2009 shirika la UNESCO lilianzisha juhudi za kukiokoa kijiji chake, na majengo kama msikiti, khan na ukumbi wa michezo yakafanyiwa ukarabati. Msikiti ule umeendelea kusaliwa tangu mwanzo. Watu waliozikataa nyumba hawakuukataa msikiti.

Na sisi je? Mji wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima kubwa, lakini heshima ya kuhifadhi mji mkongwe haimpi nuru mtu anayejenga leo Likoni, Malindi au Kisauni. Huyo hununua ploti yake kwa jasho, akajenga hadi kwenye mpaka wa jirani, akaezeka mabati juu ya vichwa vya wanawe, akafungua madirisha ya kioo upande wa jua la alasiri, kisha akayafunika kwa pazia mchana kutwa. Kila mwezi hulipia umeme wa kumulika mchana na wa kuzungusha pangaboi. Si mjinga mtu huyo. Ardhi ni ghali, fundi wa chokaa hapatikani kwa urahisi, na hakuna aliyemfundisha kuuliza jua litapita wapi kabla hajachimba msingi.

Lakini yako mambo yasiyohitaji utajiri. Kuacha ua mdogo katikati, hata wa hatua nne kwa nne, ili vyumba vya ndani visiwe mapango. Kutoboa matundu ya kimia juu ya ukuta, chini ya paa, nuru ikaingia na joto likatoka. Kulielekeza dirisha kubwa upande usiopigwa na jua la jioni. Kuinua sehemu ya juu ya dirisha iachie mbingu, na kuisitiri sehemu ya chini. Kupaka chokaa nyeupe ukuta unaotazamana na dirisha. Fathy hakuyabuni haya. Aliyaokota yalikoangushwa, akayapangusa vumbi.

Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu hauko makumbusho peke yake. Uko katika kiwanda cha nyumba ya bibi, saa nne za asubuhi, jua limepiga ukuta wa mashariki na chumba kizima kimeng'aa, na aliyeketi mkekani anachambua mchele wake bila kuwasha taa, bila kutoka jasho, na bila kuonekana na mtu wa njiani.